Kompyuta Ilisema Kura

Kompyuta ya mke wangu haikuwa na kioo. Tuseme kilikuwepo, lakini ilianguka kutoka mezani kikapasuka, kikabaki cheusi, na yeye hakuona sababu ya kukitengeneza, kwa kuwa hakuona kitu kingine chochote. Presha ya macho ilikuwa imemmaliza jicho moja, kisha la pili.

"Kioo ni yenu," aliniambia. "Mimi niko na sauti."

Sauti hiyo ilitoka kwa programu ya kuwasomea wasioona. Mwalimu mmoja wa wasioona, aliyekuwa akija kanisani kwetu, ndiye aliyeiweka, pamoja na mfumo unaoitwa Linux. Alitueleza kwamba mfumo huo hauuzwi, na sauti yake pia haiuzwi. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo sikuuliza mengi. Niliposikia sauti yenyewe nilielewa kwa nini hakuna mtu anayeiuza. Ilikuwa ya mwanamume aliyebanwa pua, anayesoma tangazo la kifo na bei ya mbolea kwa moyo ule ule.

Mwanzoni ilisema polepole nami nikaifuata. Kisha mke wangu akaanza kuizidishia mwendo, kidogo kidogo, hata ikawa inamwaga maneno kama mahindi yanayomiminwa kwenye debe, na hakuna aliyeielewa isipokuwa yeye. Miaka sita aliishi na mwanamume mwingine ndani ya nyumba yangu, wakizungumza mambo nisiyoyafahamu. Sikuona wivu, kwa sababu jamaa huyo alikuwa hali chakula.

Alikuwa katibu wa chama cha wanawake, akiandika kumbukumbu za mikutano yao. Aliandika kama alivyoongea, na mashine ikamrudishia kila neno kama alivyoliandika. Hilo lilimpendeza sana.

"Walimu wote walinikosoa," alisema. "Hii haijawahi kuniambia nimekosea."

Asubuhi tuliyompeleka hospitali mara ya mwisho, alikuwa amekaa kitandani amevaa koti, akingoja gari la jirani. Akaniambia, "Nimekuandikia kitu kwa kompyuta. Itakusomea."

"Si uniambie sasa?"

"Sasa nimechoka. Itakusomea."

Siku ya tatu akafariki. Kwa hiyo mimi nilibaki na shamba dogo la kahawa karibu na Gakindu, ng'ombe mmoja, na maneno ya mke wangu ndani ya sanduku lisilo na kioo.

Sasa niseme jinsi sauti ilivyopotea, kwa sababu huku kwetu inasimuliwa hadithi nyingine, na hadithi hiyo niliianzisha mimi.

Wiki ile ya matanga watu walikuja kila alasiri kuomba. Kompyuta ilikuwa kwenye meza ya pembeni, imechomekwa kwenye umeme, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, na hakuna aliyekumbuka kwamba iko macho. Shemeji yangu, dada mkubwa wa marehemu, alipita na chupa kubwa ya chai akaitua juu ya kitambaa. Mzee wa kanisa alikuwa katikati ya maombi. Alikuwa amefika pale pa kusema "Bwana, nena nasi", na hapo mashine ikanena. Chupa ilikuwa imelalia vibonye. Ikapayuka kwa kasi yake yote, tarakimu moja labda mara mia, bila kuvuta pumzi.

"Uuui!" mama mmoja akasema, akaruka kutoka kwenye kochi.

Mwingine akanong'ona, "Hiyo ni lugha ya roho."

Mimi niliinuka, nikaingiza mikono chini ya kitambaa nikafinya kila kibonye kilichonigusa vidole, hata ikanyamaza. Watu wote walinitazama.

"Imekufa," nikasema.

Nikakinyoosha kitambaa nikaketi. Lakini siku ya mazishi mhubiri alisimama kaburini akatangaza kwamba hata mashine ya marehemu ilitoa kilio kimoja ikanyamaza milele kwa heshima yake. Watu wakaguna kwa huzuni. Nilipaswa kuinua mkono. Sikuinua.

Shemeji yangu naye nimweleze, kwa kuwa atarudi. Mke wangu alipopoteza macho, dada yake alikuja kwetu akasema mbele ya wageni, "Huyu nitamchukua. Mwanamume hawezi kupikia kipofu." Nilimpikia miaka sita. Katika miaka hiyo sikuonja hata maji nyumbani kwa shemeji. Kila Jumamosi mke wangu alialikwa huko kwa chakula cha mchana. Nilimshika mkono hadi kwenye geti, nikamkabidhi, nikageuka. Baadaye nilirudi kumchukua, naye njia nzima aliniambia kilichopikwa. Nilijibu, "Vizuri," nikijiona mtu mwenye msimamo.

Wageni wa matanga walipoisha nilikaa mbele ya kompyuta kusomewa. Niliwasha. Taa ndogo ya kijani ikawaka na feni ikapuliza. Hakuna neno. Nilifinya tena vibonye vyote, kwa kufikiri kwamba kilichofungwa kwa ujinga kitafunguliwa kwa ujinga. Siku iliyofuata niliianika juani kama tunavyofanya na betri za redio. Haikufaa.

Nikaipeleka kwa fundi wa simu hapo sokoni. Aliifungua akaifunga.

"Mzee, hii haina kioo, haina sauti. Utajuaje iko hai?"

"Inapuliza."

"Hata ng'ombe hupuliza," akasema, na waliokuwa hapo wakacheka. Alitaka kufuta kila kitu aweke mfumo wa kawaida. Nikaichukua nikaondoka.

Hatimaye nilielekezwa mjini Nyeri, kwa mama mmoja fundi aliye ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu. Alizaliwa Nanyuki katika ukoo wa Waislamu wanaouza mifugo, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Alichomeka waya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kioo kingine kilichokuwa mezani, na kwa mara ya kwanza niliona kilichokuwa ndani ya mashine ile. Picha ya nyuma ilikuwa ya ziwa na milima ya ng'ambo. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyejua kwamba tulikuwa na ziwa.

"Nani aliizima sauti?" fundi akauliza.

"Ilikufa yenyewe."

Akaandika neno kwenye dirisha jeusi, na nguzo kadhaa zikatokea, kama vipimo vya maji kwenye tangi. Akanionyesha ya kwanza. Ilikuwa tupu, na chini yake pameandikwa herufi M mbili.

"Mzee wangu, M mbili hizi maana yake sauti imezibwa mdomo. Haijizibi. Hapa pana mkono wa mtu."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuzisoma kivyangu: mama. Nikatazama chini. "Ni mimi," nikasema, na nikamweleza yote, chupa ya chai, lugha ya roho na mhubiri.

Hakucheka, au alicheka akiwa amegeukia ukuta. Alifinya kibonye cha M, herufi zile zikageuka kuwa sifuri mbili, kisha akaijaza nguzo hadi juu. Akaandika amri nyingine ya kujaribu spika. Kimya.

"Aa," akasema. "Kosa langu hili. Sauti imefuata waya. Imekwenda kwenye kioo changu, na kioo changu hakina spika."

Kwa hiyo mashine ilikuwa inasema, lakini ilikuwa inamwambia asiye na mdomo wala masikio. Nilijisikia nyumbani. Fundi akachagua spika za kompyuta yenyewe, na mara ukatoka mvumo kama mvua ya mbali juu ya mabati. Nilishika ukingo wa meza. Akaniambia huo ni mlio wa majaribio tu, usiwe na maana yoyote kwangu.

Programu ya kusoma ilikuwa bado bubu. Alieleza kwamba spika ni koo na programu ni mtu, na katikati yao kuna karani anayepokea maneno na kuyapeleka kwenye koo. Karani huyo alikuwa ameanguka siku ya chupa ya chai na hakuna aliyemwamsha. Akamwamsha. Na hapo, ndani ya chumba kile, yule mwanamume aliyebanwa pua akaanza kumimina mahindi.

Sikuelewa hata neno moja. Ilikuwa ndiyo sauti ya jikoni kwetu asubuhi, uji ukiwa motoni na mke wangu ameinamisha kichwa upande mmoja. Fundi aliniuliza kama apunguze mwendo.

"Ngoja kidogo," nikasema. Akangoja. Alikuwa na wateja wawili kwenye benchi, nao wakangoja pia, bila kujua wanangojea nini.

Baadaye nikamwambia apunguze. Kwanza alifuta mipangilio ya zamani, baada ya kuitunzia nakala, na mashine ikarudi ilivyozaliwa, yaani ikawa Mzungu. Ilisoma Kiswahili kama mtalii aliyeshuka jana akashikishwa Biblia yetu. Fundi akatafuta kwenye orodha ya lugha, akaweka Kiswahili, akaipa mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye kioo kulikuwa na faili moja iliyoitwa "mzee".

"Hii hapa. Unaweza kuisoma mwenyewe kwa macho."

"Hapana. Alisema itanisomea."

Fundi akaelewa. Alizima kioo chake, akawageukia wale wateja wawili akaanza kuwauliza shida zao kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mashine ikasema:

"Mzee. Dawa ya ng'ombe iko nyuma ya redio. Branketi nzito iko chini ya kitanda, usingoje baridi. Jumamosi usikose kura kwa dada yangu. Nitamwambia. Usifanye kiburi. Mimi niko sawa."

Basi. Kungekuwa na zaidi ningeandika hapa.

Nilitabasamu kwa ile branketi. Sisi wa huku herufi L hutusumbua tangu utotoni. Tunaikuta kwenye neno tunaigeuza R bila kukusudia, na mke wangu aliandika kama alivyoongea. Niliicheka branketi, na kura nikaiamini. Kama angeitamka yeye kwa mdomo wake nisingekosea, maana tumesikilizana maisha yetu yote na hizo R zetu. Lakini ilitamkwa na mashine yenye Kiswahili safi kama cha taarifa ya habari, na sauti kama hiyo ikisema kura, mtu mwenye elimu yangu hutafuta kitambulisho.

Tena Jumamosi iliyokuwa mbele ndiyo ilikuwa siku ya kuchagua kamiti ya fakitori yetu ya kahawa, na shemeji yangu alikuwa anasimama. Mambo yalilingana mno. Njia nzima ya kurudi nilinung'unika moyoni. Mke wangu ameniachia maneno machache, na mojawapo ni kampeni ya dada yake.

Kura zetu hatuandiki. Wagombea husimama uwanjani kando ya meza za kuanikia kahawa, na kila mtu anapanga laini nyuma ya anayemtaka, mchana kweupe, majirani wakimtazama. Wagombea walikuwa watatu. Laini ya shemeji ilikuwa fupi, kwa kuwa ni mtu wa kusema ukweli kwa sauti ya juu. Nilienda nikasimama wa mwisho.

"Mzee, umepotea njia?" akaita jirani yangu kutoka laini ya pili. "Hiyo ni ya shemeji yako."

"Najua."

"Ati unajua! Si hata chai yake hukunywangi?"

"Leo sijaletwa na chai. Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na mwenye tulizika."

Vicheko vikakatika. Jirani alivua kofia. Alisimama hivyo kidogo, akaitazama laini yake, kisha akatoka akaja nyuma yangu. Akafuatwa na wanawake wa chama, wote pamoja, kisha wengine ambao nadhani waliona aibu kubaki. Tulipohesabiwa, shemeji alikuwa ameshinda. Sikusema uongo hata neno moja, na bado ule ulikuwa udanganyifu mkubwa kuliko wa mhubiri.

Shemeji alinifuata karibu na mzani.

"Shemeji, kura nimeona. Asante. Lakini mimi sikuitisha kura kutoka kwako. Nimekungoja na chakula Jumamosi tano, napakua, nafunika, jioni napatia mbwa. Hiyo kichwa yako ni ya mawe?"

"Dada yako ndiye aliniandikia nikupigie kura."

"Dada yangu gani?"

"Kwa kompyuta."

Akanitazama kama mtu anayetafuta homa usoni. "Kwani alijuaje nasimama? Mimi niliamua juzi, baada ya mazishi. Yeye alikufa akijua mimi ni mtu wa kupika tu."

Nilienda nyumbani nikaileta kompyuta. Nilipita getini kwake nikiwa nimeikumbatia, na miguu ilishangaa, maana ilizoea kugeukia hapo. Niliiweka mezani jikoni, nikafinya vibonye vile viwili nilivyofundishwa na fundi. Ikasoma yote, kutoka dawa ya ng'ombe hadi mwisho. Kwenye "Mimi niko sawa" shemeji akashika leso yake, lakini hakuipeleka machoni.

"Rudisha hapo kwangu," akasema.

Nikarudisha. "Jumamosi usikose kura kwa dada yangu."

Akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Kisha kikamtoka kicheko kilichowafukuza kuku mlangoni.

"Shemeji! Hiyo si kura! Huyu anasema kura!"

"Ndiyo, amesema kura."

"Apana, sikia! Si kura. Kura! Kura!" Akakusanya vidole vya mkono wa kulia akavipeleka mdomoni, mara moja, mara mbili. "Kura chakura! Aliniambia hospitali. Ati, akija Jumamosi umpe chakura, hataitisha, huyo ni kiburi tu, umpe. Nami nimengoja!"

Nilikuwa nimesikia neno lile lile mara tatu mfululizo kutoka mdomo mmoja, bila tofauti hata ya unywele, na mara ya tatu nikalielewa. Mashine iliyosomea Kiswahili chake ng'ambo isingeweza kunisaidia. Ilihitajika mtu anayekosea kama mimi.

Nilikaa. Alipomaliza kucheka alifuta macho akasema kwamba alitua ile chupa ya chai juu ya kitambaa bila kujua kuna nini chini, na tangu siku ile amekuwa akijilaumu kwamba aliiua mashine ya dada yake. Nikamwambia ni mimi. Akasema hata hivyo, chupa aliitua yeye.

"Na kamiti?" nikauliza. "Fakitori iko na mjumbe aliyechaguliwa na herufi moja. Inabidi niwaambie watu."

"Waambie."

"Nirudi sasa, kabla hawajaondoka uwanjani."

"Waambie ukimaliza kura," akasema, na akafunua sahani.

Ilikuwa mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi, na mboga kando. Jumatatu nilimwambia mwenyekiti wa fakitori. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba kanuni hazina kifungu kuhusu herufi R, na kwamba wengine wamewahi kuchaguliwa kwa sababu mbaya zaidi. Mhubiri bado sijamwambia. Atakuwa ameisikia kwa njia nyingine. Fundi wa Nyeri alinirudishia nakala ya ule mwendo wa zamani, na asubuhi, uji ukiwa motoni, huiacha mashine isome chochote kwa kasi ya mke wangu. Sielewi kitu.

Lakini siku ile nilikuwa bado na kijiko mkononi. Nikaonja. Viazi vilikuwa vimeshika sufuria.

"Imeungua kidogo," nikasema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Kura," akasema shemeji.